Dian Fossey na watoto wa gorila: je, kumwokota mnyama mchanga porini ni kumwokoa?

Mtu anayetoka Lushebere, kilometa chache tu na Masisi-centre, akienda shambani au kukata kuni, anaweza siku moja kukuta mnyama mchanga amelala peke yake kwenye majani. Mara nyingi ni kabuluku, yule swala mdogo, ambaye bado hajui kukimbia. Wakati mwingine ni mtoto wa kima. Na kwa wale wanaoshuka mbali zaidi, kupita Nyabiondo kuelekea misitu ya Walikale, anaweza kuwa mtoto wa sokomutu au wa gorila. Mama haonekani. Wengi humchukua mtoto huyo na kurudi naye nyumbani. Wengine hufanya hivyo kwa huruma, wengine kwa sababu wamesikia kwamba huko mjini kuna mtu atakayelipa, na si ajabu sababu hizo mbili kukaa ndani ya moyo wa mtu mmoja.

Kuna mwanamke aliyeishi na swali hilo karibu miaka 20 katika milima ya Virunga. Aliponya watoto wa gorila kwa mikono yake, akawaona wakipelekwa mbali, akawaona wengine wakifa, na njiani akajifunza jambo ambalo hakulijua alipofika. Jina lake ni Dian Fossey. Dunia inamkumbuka kwa sababu ya Rwanda, lakini kazi yake ilianzia Kongo, na Kongo ndiko ilikokatishwa mara ya kwanza.

Kutoka hospitali ya watoto hadi Kabara

Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 katika mji wa San Francisco, Marekani. Wazazi wake waliachana akiwa mdogo. Alipenda farasi, akaanza masomo ya kuwa mganga wa wanyama, yakamshinda, akageukia kazi ya kusaidia wagonjwa kurudisha uwezo wa mikono na miguu yao. Alipata shahada mwaka 1954 na baadaye akaajiriwa Louisville, jimbo la Kentucky, katika hospitali ya watoto walemavu. Kazi hiyo ilitaka mtu anayejua kukaa kimya karibu na mtoto mwenye woga, bila kumharakisha. Waliomfahamu baadaye msituni waliona kwamba hicho ndicho alichokuja nacho Afrika kuliko elimu ya sayansi, ambayo wakati ule hakuwa nayo.

Mwaka 1963 alikopa pesa kwa ajili ya safari. Alipita Kenya na Tanganyika, akamtembelea Louis Leakey huko Olduvai, akaumia kifundo cha mguu, lakini hakugeuka nyuma. Alipanda hadi Kabara, uwanda ulio chini ya mlima Mikeno upande wa Kongo, mahali ambapo mtafiti George Schaller alikuwa ameishi miaka michache kabla na ambapo Carl Akeley, aliyepigania kuanzishwa kwa parke hiyo mwaka 1925, alizikwa mwaka 1926. Hapo ndipo Fossey alipowaona gorila kwa mara ya kwanza.

Miaka mitatu baadaye Leakey alimkuta Louisville na kumpa kazi ya kuwachunguza gorila kwa muda mrefu. Alimshauri pia aondolewe kidole tumbo kabla ya kwenda kuishi mbali na madaktari. Fossey akafanyiwa upasuaji, kisha akapata habari kwamba Leakey hakuwa na maana hiyo, alitaka tu kupima kama ana nia ya kweli. Huo ndio uliokuwa mtihani wake wa kuingia kazini.

Januari 1967 alianza kazi Kabara. Aliyemfundisha kusoma nyayo, kinyesi na majani yaliyovunjika alikuwa Sanwekwe, Mkongomani mzee wa kazi ambaye alikuwa amewaongoza wazungu wengine kabla yake. Bila yeye, mwanamke huyo mrefu aliyechoka haraka kwenye miinuko asingefika popote. Hilo husahaulika mara nyingi katika habari za Fossey.

Miezi sita haikuisha. Mwanzoni mwa Julai 1967 mamluki waliasi huko Kisangani na Bukavu, na Kivu yote ikatetemeka. Tarehe 9 Julai wanajeshi walipanda Kabara, wakamshusha na kumweka Rumangabo. Baada ya kama wiki mbili aliwadanganya walinzi wake kwamba anakwenda kushughulikia karatasi za gari na kuleta pesa, akavuka mpaka hadi Kisoro, Uganda. Hakurudi tena kufanya kazi Kongo. Tarehe 24 Septemba mwaka uleule alisimamisha mahema upande wa Rwanda, kati ya mlima Karisimbi na mlima Bisoke, na majina ya milima hiyo miwili akayaunganisha kuwa jina la kambi: Karisoke.

Coco na Pucker

Mapema mwaka 1969 mkuu wa parke upande wa Rwanda alikubaliana na hifadhi ya wanyama ya mji wa Cologne, Ujerumani, kuwapatia gorila mchanga wa milimani. Kwa mtu asiyejua gorila, jambo hilo laonekana dogo: kuchukua mtoto mmoja na kuwaacha wengine. Msituni haliwezekani. Gorila hawakimbii na kumwacha mtoto nyuma. Dume mkubwa mwenye mgongo wa fedha husimama mbele, majike husimama pamoja naye, na anayetaka mtoto hana budi kuwaua wote wanaosimama. Katika kumpata mtoto wa kwanza, na kisha wa pili, zaidi ya gorila kumi waliuawa.

Mtoto wa kwanza alikaa kwenye sanduku dogo mjini Ruhengeri kwa siku kadhaa bila chakula kinachomfaa. Alikuwa anakufa. Ndipo alipopelekewa Fossey, ambaye alimpa jina Coco. Muda mfupi baadaye akaletewa wa pili, mkubwa kidogo, akamwita Pucker. Wote wawili walikuwa na vidonda, homa na hofu.

Fossey alitoa chumba katika nyumba yake ya mabati na kukigeuza msitu. Matawi yalipigiliwa misumari ukutani, majani mabichi yakatandikwa sakafuni, mimea ambayo gorila hula ikaletwa kila asubuhi. Dawa zilichanganywa kwenye ndizi. Maziwa yalipikwa usiku na mchana, jambo lililomkera mpishi wa kambi, kwa kuwa hakuajiriwa kuwapikia wanyama, na ukweli ni kwamba alikuwa na haki ya kukereka. Siku za kwanza Coco alikaa dirishani akiutazama mlima aliotoka na kulia. Polepole wakaanza kula, kisha kucheza, kisha kutoka nje na kutembea na Fossey kwenye majani, wakipanda miti na kurudi mgongoni mwake.

Hapo ndipo mtego ulipofunga, na haukuwa wa kamba. Fossey alikuwa na mpango wa kuwarudisha watoto hao msituni, katika kundi la gorila alilolijua vizuri. Mkuu wa parke alikataa. Wakati wote walipokuwa mahututi hakuna aliyewataka, lakini walipopona wakawa na thamani. Fossey alielezwa kwamba kama angewazuia, wawindaji wangetumwa kukamata wengine, na alijua maana yake kwa familia nyingine za gorila. Alikubali. Mwezi Mei 1969 watoto wale waliwekwa kwenye sanduku la safari. Fossey hakungoja kuona wapagazi wakishuka nalo. Alikimbia kwenye majani ambako walikuwa wakicheza, akaendelea kukimbia hadi pumzi zilipomwisha.

Coco na Pucker waliishi Cologne miaka tisa. Walikufa mwaka 1978, wakifuatana kwa muda wa mwezi mmoja.

Tendo lile ni gumu kulihukumu. Mtu hawezi kumlaumu kwa kumpa maziwa mtoto anayekufa mlangoni pake. Lakini upo ukweli mwingine ulio baridi zaidi: kama si uuguzi wake, mzigo ule usingefika Ujerumani ukiwa hai, na walioagiza wangejifunza kwamba kukamata gorila wa milimani ni kupoteza pesa. Fossey mwenyewe aliliona hilo. Aliandika barua za kupinga biashara hiyo kwa miaka, na uchungu wa siku ile uligeuza tabia yake dhidi ya wawindaji na dhidi ya maofisa waliowatumia.

Kima aliyenunuliwa

Katika miaka hiyohiyo Fossey alifanya kitendo ambacho watu wengi wa Goma, Sake na Masisi wangekitambua. Mtu mmoja alimpelekea nyani mchanga ndani ya kikapu, akitaka kumuuza. Alikuwa wa aina ile tunayoiita kima. Fossey alitoa pesa na kumchukua, na hakumtafutia jina lingine zaidi ya Kima.

Kima aliishi kambini miaka mingi. Alivunja vyombo, alichana karatasi za utafiti, aliwauma wafanyakazi na wageni, na alimpenda Fossey peke yake. Hakuweza kurudi msituni kwa sababu hakujifunza kuishi na kima wenzake, na hakuwa mtu. Alikuja kufa na kuzikwa palepale kambini, akiwa hajawahi kuzaa wala kuishi na kundi. Fossey alimpenda, hilo halina ubishi. Hata hivyo yule aliyeuza kikapu alirudi kwake na pesa mfukoni, na mwenye pesa mfukoni kwa sababu ya kima mmoja hujua la kufanya juma linalofuata. Mwanamke aliyekuwa tayari kupigana na biashara ya gorila aliishiriki biashara ya kima bila kuona kwamba ni ileile.

Mtoto asiye na mama si lazima awe peke yake

Jambo ambalo kambi ya Karisoke iliufundisha ulimwengu, na ambalo lina uzito kuliko yote kwa mtu anayekuta mnyama mchanga porini, ni kwamba macho ya binadamu hudanganyika kuhusu upweke wa mnyama.

Katika kundi ambalo Fossey aliliita kundi la 4, kulikuwa na kitoto cha kike kilichoitwa Simba. Mama yake alipotea, na kila dalili ilionyesha kwamba amekufa. Simba alikuwa bado mdogo, akawa mnyonge, akakaa pembeni. Mtu aliyepita siku hizo angesema ameachwa na angemfunga kwenye kitenge. Lakini dume mkuu wa kundi, Uncle Bert, alimchukua kama mama. Alimlaza kwenye kiota chake usiku, alimsafisha manyoya, aliwazuia wengine wasimsumbue wanapocheza. Simba akakua, akawa jike mzima. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa Karisoke baada ya kifo cha Fossey umethibitisha jambo hilo kwa gorila wengi: wanaopoteza mama wakiwa wamepita umri wa miaka miwili hulelewa na kundi, hasa na dume mkuu, na huishi karibu sawa na wenzao.

Kwa wanyama wa kawaida wa vilima vya Masisi sababu ni nyingine, lakini jibu ni lilelile. Swala wengi wadogo humficha mtoto kwenye majani na kwenda kula mbali, kwa makusudi, ili harufu ya mama isimlete chui au mbwa. Mtoto analala bila kutikisika hata mtu akimkaribia hatua mbili. Hajaachwa. Mama yuko ng'ambo ya bonde akingoja mtu aondoke, na atarudi kumnyonyesha. Kima aliyeanguka mtini naye, mama yake yuko juu ya matawi, amenyamaza kwa kuogopa waliosimama chini. Anayemchukua mtoto wa namna hiyo kwa huruma amemwibia mama yake, na maziwa ya ng'ombe atakayompa nyumbani huenda yakamuua kwa kuhara kabla ya juma kwisha. Kama ameshachukuliwa muda si mrefu, kumrudisha palepale alipookotwa na kwenda zako bado ni dawa. Mama hamkatai kwa sababu tu mkono wa mtu umemgusa.

Mwaka 1978

Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji walimuua Digit, dume kijana ambaye Fossey alimjua tangu utoto wake. Alikutwa na majeraha ya mikuki, amekatwa kichwa na mikono. Julai 1978 kundi lilelile la 4 lilishambuliwa tena kwa bunduki. Uncle Bert alikufa. Jike Macho alikufa. Mtoto wao Kweli, wa miaka mitatu, alipigwa risasi begani akatoroka.

Fossey aliamini kwamba waliopiga risasi walimtaka Kweli awe hai. Kweli hakukamatwa. Alirudi kwa wenzake na kidonda, na dume kijana Tiger akawa anamkumbatia usiku na kukisafisha kidonda kile. Baada ya kama miezi mitatu Kweli akafa, kwa kuwa kidonda kilioza ndani. Ni mojawapo ya visa vinavyouma zaidi katika habari hii, kwa sababu kundi lilifanya yote ambayo gorila wanaweza, na risasi ikawashinda.

Baada ya hapo Fossey alibadilika, na hakubadilika kwa uzuri tu. Doria zake zilikata mitego kwa maelfu na kuokoa wanyama wengi. Lakini pia aliwachapa wawindaji waliokamatwa, aliwadhalilisha, alichoma mali zao. Waliofanya kazi naye wamesimulia kwamba aliwahi kumchukua mtoto wa mwindaji mmoja na kumweka kambini, ili kumlazimisha baba yake. Mtoto yule hakudhurika, lakini mwanamke aliyeona kwa macho yake jinsi Coco alivyolia dirishani alipaswa kujua kuliko mtu yeyote maana ya kumtoa mtoto kwa mama yake. Wanyarwanda wa chini ya mlima, maskini waliokuwa wakiwinda swala kwa ajili ya chakula, hawakumsahau kwa hayo, na wanaopenda jina lake wasiwafiche wasomaji sehemu hiyo.

Bonne Année

Tarehe 1 Januari 1980 Fossey aliletewa mtoto mwingine wa gorila, jike wa miaka kama mitatu. Safari hii mambo yalikuwa tofauti tangu mwanzo. Mtu aliyetakiwa kumnunua hakutoa pesa, alitoa taarifa. Walanguzi wakakamatwa, na mtoto akapandishwa Karisoke akiwa amekonda na mgonjwa. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mwaka mpya, aliitwa Bonne Année.

Fossey alimtunza kama miezi miwili. Lakini alikuwa amejifunza kutokana na Coco na Pucker. Lengo halikuwa apendeze wala azoee watu. Lengo lilikuwa apone haraka na kuondoka kabla hajasahau kuwa gorila. Mwezi Machi alipelekwa karibu na kundi la 5, lenye majike wengi na watoto wao. Lilikuwa kosa. Majike wa kundi hilo walimkokota, walimuuma, na ilibidi aondolewe haraka kabla hajauawa. Gorila hulinda ukoo wao, na mtoto mgeni kwao si yatima wa kuhurumiwa.

Baada ya kupumzishwa akapelekwa kwa kundi la 4, kundi lile lililopoteza viongozi wake na mama zake mwaka 1978. Hao walimpokea. Walimnusa, walimzunguka, kisha wakamwacha atembee nao. Bonne Année aliishi kama gorila kwa zaidi ya mwaka mmoja, akila anachokula gorila na kulala walipolala gorila. Alikufa mwaka 1981 kwa ugonjwa wa mapafu, wakati wa mvua nyingi.

Kuna wanaosema kazi ile ilikuwa bure kwa kuwa alikufa. Ukiweka mwaka wake mmoja mlimani kando ya miaka tisa ya Coco nyuma ya vyuma, hesabu haiwi rahisi hivyo.

Kutoka kaburi la Karisoke hadi Walikale

Fossey alitoa kitabu chake mwaka 1983. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuwa imeonyesha kwamba gorila wa milimani waliobaki Virunga ni kama 250 tu, karibu nusu ya wale waliokadiriwa na Schaller miaka 20 nyuma. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 mtu aliingia nyumbani mwake Karisoke na kumuua kwa panga. Mwili ulikutwa asubuhi ya tarehe 27. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu mtafiti mmoja Mmarekani ambaye alikuwa ameshaondoka nchini, na ubishi kuhusu hukumu hiyo haujaisha hadi leo. Fossey alizikwa kambini, karibu na Digit, kwenye makaburi aliyoyaanzisha kwa ajili ya gorila wake.

Rumangabo, mahali alipozuiliwa mwaka 1967, leo pana kituo cha gorila yatima kilichopewa jina la Senkwekwe. Ndakasi, aliyekutwa mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili ameshikilia maiti ya mama yake aliyepigwa risasi, alilelewa huko hadi kifo chake Septemba 2021. Askari wa parke waliomchukua walifanya sawa, kwa kuwa mama alikuwa amekufa mbele ya macho yao na mtoto wa umri huo hawezi kuishi siku mbili bila maziwa. Lakini hakuweza kurudi msituni tena. Miaka yake yote aliishi na watu.

Kwa gorila wa Walikale, wale wa Grauer ambao hawapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kongo, shirika linalobeba jina la Fossey lilishiriki kuanzisha kituo cha GRACE huko Kasugho, Lubero. Mwaka 2010 yatima wa kwanza walisafirishwa kutoka Goma kwa helikopta za Umoja wa Mataifa. Sokomutu na kima wanaonyang'anywa walanguzi hupokelewa Lwiro, Kivu ya Kusini, tangu mwaka 2002. Vituo vyote hivyo hufanya kazi na ICCN, na hakuna kinachonunua mnyama, hata akiwa mahututi. Watu wengine huona huo ni ukatili. Ni somo la Coco: pesa inayotolewa kwa mtoto mmoja hulipia risasi za familia nyingine. Sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira nayo inakataza kumiliki wanyama hao, na haimtofautishi aliyenunua kwa huruma na aliyenunua kwa faida.

Mambo si mepesi kwa mtu wa Lushebere. Barabara ya kwenda Goma kupitia Mushaki na Sake imefungwa na vita mara nyingi, ofisi ya ICCN iko mbali, na aliyekimbia kijiji chake ana watoto wake mwenyewe wa kulisha. Anayekuta kabuluku mchanga kwenye majani hahitaji ofisi yoyote: amwache alipo na aondoe mbwa wake. Shida iko kwa yule anayekuta mtoto wa gorila au wa sokomutu amefungwa kamba, au kando ya mama aliyekufa. Huyo haachwi, na pia hawekwi nyumbani miezi kwa miezi, kwa sababu mafua ya kawaida ya mtoto wa binadamu yanaweza kumuua, na kila siku anayokaa na watu inamwondolea nafasi ya kurudi. Chifu wa kijiji, radio ya eneo, mapadri, yeyote mwenye simu inayofika kwa ICCN, ndio njia iliyobaki, na imewahi kufanya kazi hata katikati ya vita.

Oktoba 2023 majike wanne waliokua Kasugho walihamishiwa kwenye mlima Tshiabirimu, kaskazini mwa parke ya Virunga, ambako gorila walikuwa wamebaki wachache mno. Majina yao ni Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, hili la mwisho likiwa jina la kijiji cha Walikale. Walichukua zaidi ya miaka kumi kufika hapo, wakilelewa na gorila wenzao zaidi kuliko watu.